Majibu Niliyompa Atieno

Wasichana wangu, najua mmenikasirikia. Jumapili mlipita mbele yangu pale mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna aliyesema hata "bye, Auntie". Sawa. Mimi pia nimewakasirikia, na hasira yangu ina miaka mingi kuliko yenu, kwa hivyo nitaongea mimi kwanza.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Nyote mnakisikia, hata wale mnaojifanya hamkisikii, lakini kukisoma kunawashinda. Basi mpeni mama awasomee. Nataka mama zenu wayasikie haya wakati mmoja na nyinyi, mezani, simu zikiwa kando.

Mnanijua kama Auntie Nekesa, msaidizi wa kocha wenu wa raga, wa kubeba chupa za maji na kupiga kelele. Baadhi yenu mmeiona ile picha nikiwa na jezi ya taifa, mkazicheka nywele zangu. Nilicheza raga ya kimataifa wakati timu ya wanawake nyumbani ilikuwa bado changa, wakati watu walituuliza kama baba zetu wanajua tuko wapi. Nilikuwa namba mbili. Namba mbili ni yule wa katikati kwenye mstari wa mbele wa skramu, pale wanane wa kila timu wanapoinama kusukumana, amebanwa na wenzake kushoto na kulia, na ndiye hurusha mpira ukishatoka nje. Nilistaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Si umri ulionistaafisha.

Turudi Jumapili, ili mama zenu wajue tunaongelea nini. Furaha, namba mbili wetu, alimwinamia msichana wa timu ile nyingine kumwangusha, goti likampata juu ya sikio. Aliinuka haraka. Yule mzee wa huduma ya kwanza akakimbia na kikadi chake, akaanza kumuuliza yale maswali: tuko uwanja wa nani, ni kipindi gani, nani amefunga mwisho, wiki iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Ni maswali ya kuangalia kama akili bado iko nyumbani. Na Neema, ambaye alikuwa benchi, akaenda akapiga magoti karibu na mwenzake, akamshika bega, akawa anamwambia kwa sauti ya kubembeleza: "Pole dada, pole, ni kipindi cha pili, wao ndio wamefunga, wiki iliyopita tulishinda, pole."

Mzee wa watu akaona upendo. Akasema, "Lovely, girls." Furaha akajibu maswali yote, hakukosa hata moja.

Mimi nilikuwa nyuma yao na chupa. Nikamwambia yule mzee ukweli pale pale. Furaha akatolewa. Tukafungwa. Na sheria ya hapa kwa Waingereza ni kwamba mtoto akishatolewa kwa ajili ya kichwa, hachezi kwa wiki kadhaa, kwa hivyo Jumapili hii, nusu fainali, hayupo. Ndiyo sababu hamnisalimii.

Neema alinikuta kwenye maegesho ya magari. Huyu angalau ana moyo wa kuniambia usoni.

"Auntie, that was so out of order."

"Umemfanyia nini mwenzako?"

"I helped her."

"Ulimsaidia nini?"

"You're the one who taught us to do the calls in Swahili so nobody gets it. And then we use it and you snitch?"

"Unaniita nani?"

"Nothing. Sorry." Akavuta kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi. "But you did, though."

Ni kweli niliwafundisha. Tukisema "chai" mpira unarushwa mbele, "sukari" katikati, "maziwa" nyuma kabisa, na wasichana wa Solihull wanabaki kutumbua macho. Nilijivunia sana. Sikumjibu Neema kwa sababu ujanja alioutumia haukuanza kwake. Nilishaufanya mimi, yeye akiwa bado ananyonya, na nitawaambia ulitugharimu nini.

Kwanza niwaambie habari za Kocha Barasa, kwa sababu yote ninayowafundisha ni yake, isipokuwa hilo moja.

Barasa alikuwa fundi wa baiskeli mjini Kakamega. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo. Hatukuwa na mashine ya skramu kama hii yenu ya matakia. Tulikuwa na kanta, lori dogo la mzee mmoja muuza mchanga, iliyokuwa haiwaki mpaka isukumwe. Kila asubuhi ya mazoezi Barasa alitupanga wanane nyuma ya kanta hiyo, mgongo bapa, shingo imara, miguu midogo midogo. Mzee alidhani tunamsaidia. Barasa alijua mzee ndiye anayetusaidia. Siku moja mzee akanunua betri mpya, kanta ikawaka yenyewe, na Barasa akanuna wiki nzima. "Sasa mtasukuma nini? Kanisa?"

Alitufundisha kupaka mafuta ya kujikinga masikioni kabla ya skramu, yasije yakakunjwa kama sambusa. Alitufundisha kwamba ukimkaba mtu, kichwa chako kinakaa nyuma yake, shavu lako kwenye tako lake, kamwe si mbele ya goti. Mnacheka kila nikisema hivyo. Chekeni, lakini fanyeni. Furaha hakufanya Jumapili, na nilishamwambia mara mia.

Na alitufundisha hili: mchezaji akiinuka polepole baada ya kugongwa, mpe mkono. Akiinuka haraka, mwangalie macho. Anayeinuka haraka anaficha kitu, alisema, au hajui kama kuna kitu cha kuficha. Tuliitikia ndiyo kocha, tukaenda kunywa chai.

Mkono wangu wa kushoto kwenye skramu alikuwa Atieno. Namba moja. Msichana wa Kisumu, mabega kama mlango, kicheko cha kuamsha mtaa. Kama hamjawahi kucheza mstari wa mbele hamjui maana yake: unamkumbatia mtu huyo mara ishirini kwa siku, sikio lako kwenye sikio lake, unajua amekula nini, unajua ameachwa na nani. Nilimjua Atieno kuliko ninavyomjua mume wangu, na mume wangu anajua hivyo.

Kambi yetu ya kwanza tulipewa kinga za meno, zile unazochemsha zikawa laini ukaziuma zikapata umbo la meno yako. Atieno hakusoma maelezo. Akaitumbukiza yake kwenye sufuria ya chai ya timu nzima, akaisahau humo. Tulipoikumbuka ilikuwa imekunjika kama ngozi ya kuku. Tukanywa ile chai hivyo hivyo maana hapakuwa na nyingine. Mtu akauliza, "Atieno, hii chai ina ladha gani?" Akajibu, "Ya kimataifa." Alicheza msimu mzima na lile donge mdomoni.

Basi ikaja safari ya nje. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kupanda ndege. Barasa hakuja, nafasi haikumtosha. Tulipewa daktari, mzungu kijana aliyejitolea, mwanamke mpole, mwenye kuuliza kila mtu amelalaje. Hakujua neno la Kiswahili zaidi ya asante.

Kipindi cha pili, Atieno akamwendea mchezaji wao mkubwa akapigwa na nyonga kwenye paji la uso. Aliinuka haraka. Akaanza kutembea, na nikaona anaelekea upande wa magoli yetu, kama mtu anayekwenda dukani. Nikamgeuza kwa kiuno. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa na mtu.

Nilimwona. Andikeni hilo moyoni kabla hamjasoma mbele. Sikudanganywa na lolote. Barasa alinifundisha niangalie macho, nikayaangalia, nikaona.

Lakini hapakuwa na namba moja mwingine. Yule wa akiba alikuwa ameshaumia bega. Atieno akitoka, tungecheza bila skramu ya kweli, mbele ya watu waliokuwa wanasubiri kusema wanawake wetu hawawezi. Na Atieno mwenyewe alikuwa ameniambia asubuhi ile, akinifunga plasta kifundoni, "Nekesa, leo hata nikivunjika usiache wanitoe." Hivyo nilijiona rafiki.

Daktari akaja, akamkalisha kwenye nyasi, akaanza maswali yake, yale yale ya kikadi. Nikapiga magoti, nikaweka mkono juu ya kichwa cha Atieno, nikafumba macho, nikasema kwa sauti ya maombi:

"Ee Bwana, ni kipindi cha pili. Baba, wao ndio wamefunga mwisho. Tunakushukuru kwa sababu mechi iliyopita tulicheza nyumbani, na tulishinda, Bwana, tulishinda."

Daktari akainamisha kichwa. Alisubiri nimalize. Akasema, "Amen."

Wenzetu waliokuwa karibu waligeuka upande kuficha kicheko. Atieno alijibu maswali yote vizuri. Daktari akampigapiga begani, akamruhusu. Mimi nikampa mkono, nikamwinua.

Hazikupita dakika kumi. Hata halikuwa pigo kubwa, wala si la mtu kushtuka, bega tu la kawaida. Alianguka kama nguo inavyoanguka kutoka kwenye kamba, na mikono ikakaa vibaya, na yule daktari akakimbia akipiga kelele jina lake kwa matamshi ya kizungu. Sisi tulirudi nyumbani kwa ndege ile ile tuliyojia. Atieno alibaki hospitali ya ugenini pamoja na daktari, akarudi wiki nyingi baadaye kwenye kiti cha magurudumu.

Anatembea sasa. Anaishi kwa mama yake Kisumu. Alikuwa anasomea uuguzi, aliacha. Sokoni haendi kwa sababu kelele zinamuumiza. Akianza kupika mtu lazima awe karibu, maana anasahau moto. Nampigia kila Jumapili jioni nikishamlaza binti yangu. Anacheka bado, ila kicheko kinakuja mahali ambapo sijasema kitu. Na kila Jumapili ananiuliza, "Nekesa, ile mechi tulishinda?"

Namwambia tulishinda. Tulifungwa vibaya.

Mimi nami niligongwa sana baada ya hapo, na kila nilipogongwa kulikuwa na mtu wa kuninong'oneza, maana nilikuwa nimeifundisha timu nzima namna ya kuomba. Ndiyo maana taa za wodi ya hospitali kule Edgbaston, ninakofanya usafi, zinanilazimisha kuvaa miwani ya giza na wauguzi wananitania kuwa mimi ni nyota wa sinema. Ndiyo maana saa ya kumchukua binti yangu Naliaka shuleni nimeiandika kwenye kiganja. Sisemi ili mnihurumie. Aliyejifanyia hivi ni mimi.

Daktari yule aliandika barua kwa timu, tukasomewa. Alisema anaomba radhi, kwamba hakuona dalili, kwamba atajiuliza maisha yake yote alikosea wapi. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikaisikiliza mpaka mwisho. Sikuinua mkono.

Sasa Jumatatu ya wiki hii. Nimetoka kazini, nakunja nguo, simu inalia. Mama Furaha. Wengine wenu hamumjui vizuri: ni mama wa kanisa, mtu wa Uvira, anaongea Kiswahili cha kwao, amelea watoto wanne hapa Hodge Hill peke yake, hapandishi sauti hata akiibiwa.

"Mama Naliaka, ukuye. Huyu mutoto anataka niandike bongo." Bongo, kwao, ni uongo.

Nikapanda basi na Naliaka mkononi. Nikamkuta ameketi jikoni, simu imewekwa mezani mbele yake kama kitu kilichooza. Kulikuwa na ujumbe tayari, kwa Kiingereza kizuri, kwenda kwa kocha, umebaki kubonyezwa tu. Unasema Furaha hakugongwa kitu. Unasema familia ilikuwa kwenye mfungo wa kanisa, mtoto alikuwa hajala tangu Ijumaa, alipata kizunguzungu cha njaa, tafadhali aruhusiwe kucheza nusu fainali.

Nilisoma mara mbili. Mlijua Mwingereza akisikia dini ataona haya kuuliza. Mimi nilitumia sala, nyinyi mmetumia mfungo. Tofauti ni kwamba nyinyi mlitaka mama wa mtu aweke jina lake chini.

"Na siye hatukufunga," akasema Mama Furaha. "Alikula ugali, alikula samaki, alikula na ya mudogo yake. Minamuuliza kichwa inauma, ananijibu 'I'm fine, Mum.' Ananifungia mulango na Kingereza. Weye ulichezaka, weye ndjo unajua. Sema, niitume ao niiache?"

Ningeweza kusema usitume, nikanywa chai yangu nikaondoka. Lakini angeniuliza kwa nini, na kwa nini ya kweli ni Atieno. Kwa hivyo nikamwambia yote, kuanzia plasta ya kifundo mpaka Amen. Sikuwahi kumwambia mtu. Mume wangu anajua Atieno aliumia, hajui mimi nilikuwa nimepiga magoti.

Mama Furaha hakunishika mkono. Hakusema pole. Aliuliza, "Na mama yake huyo binti, anajua?"

"Hajui."

"Ulimufichaka mama muzima miaka yote hii?"

"Ndiyo."

Kisha akaegemea mlango, akaita juu, "Furaha! Shuka!"

Furaha akashuka akiwa bado na sweta ya shule, ananikwepa kwa macho. Mama yake akampa simu. "Nisomee ile unataka nitume. Minataka kusikia vizuri."

"Mum, you've read it."

"Somea miye."

Akaichukua. Akasoma, "Dear coach," akanyamaza. Akaisogeza simu mbali. Akaisogeza karibu. Akafumba jicho moja. Mama yake na mimi tukatazamana.

"It won't stay still," akasema. Kisha akaanza kulia kimya kimya, bila kujifuta. "It's all moving."

"Tangu lini?"

"Since Sunday."

"Sasa ujumbe huu umeuandika vipi?" nikamuuliza.

"Neema did it."

Neema, najua mama yako amefika mstari huu naye anakutazama. Sijakuandikia nikuaibishe. Lakini rafiki yako alipokuomba umwandikie, yeye ambaye hata akiwa darasani hatoki kwenye simu, hukushangaa? Au ulishangaa ukanyamaza?

Jioni ile ile tulimpeleka hospitali, Mama Furaha na mimi, na Naliaka akiuliza kila mtu aliyeketi pale anaumwa wapi. Walimpima. Wametuambia ana bahati, apumzike, asitazame skrini, asikimbie, arudi wamwone. Akigongwa tena kabla hajapona, alisema daktari wa hapo, basi, halafu hakumaliza. Hakuhitaji kunimalizia mimi.

Kwa hivyo Furaha hachezi Jumapili hii. Ujumbe haukutumwa. Mama yake ameufuta mbele yangu, na amempigia kocha mwenyewe, kwa Kiingereza chake, akamweleza kilichotokea. Nami nimemwambia yule mzee wa huduma ya kwanza kwamba akimwangalia mtoto wetu, asiruhusu mtu yeyote kumsogelea, hata mimi, na kwamba mtu akianza kuomba, amwombe aombe kwa Kiingereza. Alidhani natania.

Atieno bado sijamwambia. Naona haya, na naogopa, na sijui kama nikimwambia atalishika jambo hilo hata siku mbili, na kama atalisahau nitalazimika kumwambia tena. Labda ndicho ninachostahili. Mama yake ndiye nitakayempigia kwanza. Nimewaambia nyinyi kwa sababu mko karibu na mnaweza kunitukana nikiwa hapa.

Najua kitu kimoja kukuhusu, Neema, ambacho wenzako hawajakifikiria. Wewe ndiye namba mbili wa akiba. Furaha akitoka, unaingia wewe. Mwaka mzima umekaa benchi ukisubiri mguu wako uguse nyasi, na siku ilipofika ulipiga magoti ukampa majibu ili abaki yeye. Ulijinyima. Nililifikiria hilo Jumatatu kwenye basi, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kuwafukuza wote wawili. Ulifanya kwa mapenzi. Mimi pia. Mapenzi yale yalimwangusha Atieno na yangemwangusha Furaha.

Jumapili utaingia wewe. Sitaki kusikia kwamba hutaki, kwamba ni nafasi yake, kwamba utaonekana umemwibia. Alhamisi njoo nusu saa kabla ya wengine, nitakuwa pale na mipira sita na taulo. Unarusha vizuri "chai", unarusha ovyo "maziwa", kwa sababu kiwiko chako cha kulia kinafunguka mapema. Tutakirekebisha. Leta kinga yako ya meno na ukate kucha.

Furaha naye atakuja, ameruhusiwa kukaa pembeni na koti. Amesema atakuletea ile jezi ya namba mbili mwenyewe. Ameshaifua, mama yake ameipiga pasi. Ukimwona anakuja nayo, usimwambie pole, na usianze kulia. Nyosha mikono yote miwili uipokee.